Chupa Sita za Mtaa wa Chini

Karatasi ilikuwa imeshachapwa kabla Mpimaji hajaitwa ofisini. Aliikuta mezani kwa Meneja wa idara ya maji, imenyooshwa vizuri, kalamu imelazwa juu yake.

"Soma, kisha uweke sahihi," Meneja akasema bila kuinua macho. "Tusisumbuane."

Alisoma akiwa amesimama, maana kiti cha wageni kilikuwa kimejazwa mafaili na hakuna aliyeyaondoa. Miaka kumi na mitano alikuwa akiingia ofisi ile na kukaribishwa kukaa. Karatasi ilisema kwamba yeye, mpimaji mkuu wa maabara, kwa uzembe wake peke yake, alitoa majibu ya uongo kuwa maji ya mtaa wa chini ni salama, na kwamba ndiye chanzo cha homa ya matumbo iliyouingia mtaa ule. Watu arobaini na mmoja wamelazwa. Mzee mmoja, fundi viatu, amefariki.

"Sikutoa majibu ya uongo," alisema. "Nilipima. Visahani vyote vya kuoteshea bakteria vilitoka safi."

"Vimetoka safi na watu wanaumwa. Sasa nikawaambie wananchi wanaumwa kwa kupenda? Kamati inakaa Alhamisi, na kamati inataka mkosaji. Mmoja tu, mambo yaishe." Meneja akaisogeza kalamu. "Ukikubali nitakuombea uondoke kimya kimya. Ukikataa, na cheti chako watakichukua."

"Na maji? Nikishaweka sahihi, maji ya mtaa wa chini yataendelea kutoka?"

"Kwa nini yasitoke? Majibu yako yanasema ni safi."

Alilisema hilo kwa uso mkavu kabisa. Majibu yaleyale yalikuwa uongo kwenye karatasi na ukweli kwenye bomba, na Meneja hakuona kasoro yoyote. Mpimaji hakuweka sahihi, lakini hakukataa pia. Aliomba apewe mpaka Alhamisi, akaambiwa aache ufunguo wa maabara mezani. Aliuacha.

Tatizo ni kwamba nusu ya moyo wake iliiamini ile karatasi. Kati ya wale arobaini na mmoja, mmoja alikuwa binti yake wa miaka tisa, waliyemzoea kwa jina la Kadogo. Walikaa mtaa uleule wa chini, wakanywa maji yaleyale aliyoyapima yeye, na asubuhi alipomjazia mtoto chupa ya kwenda nayo shule alikuwa akimwambia, "Kunywa tu, mwanangu, haya nimeyapima kwa mikono yangu."

Siku ileile ya Jumatatu alipita kinyozini ili kuingia nyumbani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha mdogo wa mumewe, kinyozi wa mtaa. Miaka mitatu iliyopita Kinyozi alikuwa ameingia dini ya Kibuddha, akaanza kukaa kimya nusu saa kila asubuhi kwenye kiti cha wateja, na watu wakacheka mpaka wakachoka. Walisema kinyozi mwenye upara wa kujinyoa mwenyewe ni kama mpishi anayefunga. Yeye hakujali, alicheka nao.

Leo wateja wawili walinyamaza Mpimaji alipoingia. Mmoja alimpisha kwa kujibana ukutani, utadhani homa ya matumbo iko kwenye nguo zake.

"Pole shemeji," Kinyozi akasema, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi. "Wamekwambiaje huko?"

Akamweleza kwa kifupi. Kinyozi akatikisa kichwa taratibu, na hapo ndipo aliposema jambo ambalo angelijutia.

"Usinielewe vibaya, shemeji. Lakini hii ni karma. Kila kitu kina malipo yake. Labda kuna kitu ulifanya, kama si maisha haya basi yaliyopita, na sasa kinarudi kupitia kwa mtoto."

Wateja wakatazamana. Yule aliyejibana ukutani akatikisa kichwa kukubali, yeye ambaye hata dini hiyo haijui.

"Kadogo ana miaka tisa," Mpimaji akasema. "Na fundi viatu je? Na wale watoto mapacha wa kule pembeni? Wote hao wanalipia madeni yangu?"

Kinyozi akazima mashine. Mpimaji alipita chumba cha ndani, akakaa kwenye kitanda kitupu cha Kadogo, akalia kwa hasira. Si kwamba aliyaamini maneno yale. Kilichomuuma ni kwamba shemeji yake na Meneja wake, watu wawili wasiofanana hata kwa kucha, walikuwa wamemfikia kwa njia tofauti wakamwekea kidole palepale.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi la wodi ya watoto. Homa ya Kadogo ilikuwa imeshuka kidogo, akawa amelala na mdomo wazi. Kinyozi alitokea mlangoni na mfuko wa machungwa, akakaa ncha ya pili ya benchi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nimefukuzwa kituoni kwetu," alisema.

"Umefukuzwa?"

"Karibu na kufukuzwa. Nilimweleza yule mtawa anayetufundisha, yule mama, nilivyokufariji jana. Nilidhani atanisifu. Akaniuliza nimeisoma wapi hiyo, kwa sababu ya Buddha siyo. Akasema homa ina sababu zake, kuna zinazotoka mwilini, kuna hali ya hewa, kuna ajali, na mtu anayemwambia mgonjwa kila maumivu ni malipo ya dhambi za zamani anasema asichokijua. Karma ni nia, ni kile unachokusudia ukitenda, siyo hakimu aliyekaa juu na rungu." Akamenya chungwa bila kumtazama. "Akaniambia nije nikuombe radhi kabla sijakaa tena kwenye mkeka wake. Nisamehe, shemeji. Nilikuumiza mbele ya watu, na wale wawili nitawaambia mbele ya watu pia."

Mpimaji alipokea kipande cha chungwa. "Bakteria hajui nia," alisema. "Hamuulizi mtu alikusudia nini. Akipata maji na joto anazaliana. Hiyo ndiyo sayansi yangu yote."

"Na sisi tunasema hivyohivyo. Kikiwepo hiki, kinatokea kile. Kikiondoka hiki, kile kinakoma."

"Basi mmetuibia."

"Tumewatangulia," Kinyozi akasema, na kwa mara ya kwanza katika juma lile Mpimaji akatabasamu. "Lakini ninyi mna vipimo. Sisi tunajitazama tu."

"Na maisha yaliyopita? Hayo kipimo chake ni kipi? Mimi sijaona chochote kwenye hadubini kinachotoka kwa maiti kikabeba matendo yake kwenda kwa mtoto mchanga."

"Hapo tuachane kwa amani. Wewe hujakiona, na mimi ukinibana siwezi kukuonyesha." Akafikiri kidogo. "Lakini nikuulize kimoja. Hilo neno 'mimi' unalolisema tangu jana. Mimi ndiye niliyesababisha, mimi ni muuaji. Huyo mimi yuko wapi?"

"Si huyu umekaa naye."

"Asubuhi hii nimemnyoa dereva. Nywele zilipokuwa kichwani zilikuwa ni yeye, ukizivuta anakupiga. Zilipoanguka sakafuni nikazifagia, zikawa taka. Zimeacha kuwa yeye saa ngapi?"

Mpimaji alitaka kumkejeli, ila kazi yake ilimkataza. Alijua kwamba ngozi ya ndani ya utumbo wa Kadogo hubadilika yote ndani ya siku chache, na kwamba damu iliyo mwilini mwake leo si ile ya miezi minne iliyopita. "Sawa," akasema. "Mtu ni mambo mengi yanayoendelea pamoja. Lakini kama hakuna mimi, nani atawajibika? Hiyo dini yenu itawafurahisha sana akina Meneja."

"Kuwajibika kupo palepale. Ulichokifanya kimefanyika na matokeo yake yanatembea. Ninachosema ni kwamba wamekupa swali la hovyo, nawe umelipokea. Unauliza ni nani. Uliza ni kitu gani kilikuwepo mpaka hili likatokea."

Hapo sauti kali ya nesi ikasikika kutoka kwenye sinki la wodi.

"Baba, unafanya nini? Nani amekwambia uisuuze?"

Aliyekuwa akigombezwa ni mume wa Mpimaji. Alikuwa mchukuaji wa sampuli katika idara ileile ya maji, mtu mpole, msafi kupita kiasi, kazini wakimwita Bwana Usafi. Nesi alikuwa amempa kikopo kitupu cha kuwekea mkojo wa Kadogo, naye akakifungua, akaona unga mweupe chini, akakisuuza mara tatu chini ya bomba na kukikung'uta.

"Kilikuwa na vumbi," alijitetea.

"Hilo si vumbi, ni dawa ya kuhifadhi sampuli. Sasa umeimwaga, na hicho kikopo hakina faida tena." Nesi akampokonya, akampa kingine. "Ukifungua, usikiguse ndani."

Mpimaji alikuwa ameshasimama. Kipande cha chungwa kilimdondoka sakafuni.

"Baba Kadogo," aliita, na sauti yake ilikuwa ya taratibu sana. "Zile chupa zetu za sampuli. Zile za bakteria. Unazisuuza?"

"Zote," mumewe akasema kwa fahari kidogo. "Mara tatu, kwa maji ya bomba lenyewe. Si umeandika mwenyewe na kubandika ukutani?"

Alikuwa ameandika kweli. Miezi minne iliyopita alibandika karatasi stoo: SUUZA CHUPA MARA TATU KABLA YA KUJAZA. Alikuwa akiwaza chupa za kupimia chumvi na madini, ambazo lazima zisuuzwe. Hakuandika kwamba zile za bakteria haziguswi, kwa sababu yeye alilijua hilo tangu chuoni na hakufikiri kuna asiyelijua. Chini ya kila chupa ya bakteria kulikuwa na alama nyeupe ya dawa iliyokaushwa, ndogo tu, ambayo kazi yake ni kuua nguvu ya klorini, ile inayotiwa majini kuua vijidudu, maji yanapoingia. Ukiisuuza, dawa inakwenda na maji. Klorini inabaki hai ndani ya chupa, inaua bakteria njiani, na kinachofika maabara ni maji yaliyojisafisha yenyewe. Mtu wa mtaa wa chini hayangoji yajisafishe. Anayanywa yanapotoka bombani.

"Ee Mungu wangu," mumewe akasema alipoelezwa. Akakaa sakafuni palepale kando ya sinki, na kikopo kipya mkononi. "Kumbe ni mimi."

"Usianze," Mpimaji akamwambia. "Huyo mimi jana alikuwa kwangu, leo amehamia kwako. Inuka. Tuna kazi."

Ufunguo wa maabara hakuwa nao, na baadaye alishukuru kwa hilo. Alimwendea mpimaji wa maabara ya hospitali, mama mmoja mkavu aliyesoma naye zamani, akamwomba jambo moja: apime chupa sita bila kuambiwa ipi ni ipi. Yule mama alimtazama juu ya miwani.

"Ukiniletea uchafu nitasema ni uchafu. Ukiniletea maji safi nitasema ni safi. Sitakubeba."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako," Mpimaji akasema.

Jumanne hiyohiyo, mchana, walikwenda kwenye bomba la mtaa wa chini, yeye, mumewe na Kinyozi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walivuta ndoo zao kando. "Anakuja kutuongezea," mmoja alisema kwa sauti ya kusikika. Mpimaji aliyameza. Chupa sita zilikuwa za begi la kazi la mumewe; tatu alizisuuza kama alivyozoea, tatu hakuzigusa ndani, zote zikajazwa bomba lilelile, dakika zilezile. Kinyozi alizibandika namba anavyotaka, akaandika kwenye karatasi zipi zilisuuzwa, akaifunga karatasi kwenye bahasha, akatia sahihi yake juu ya mfuniko. Hata Mpimaji hakuonyeshwa. Kisha wakazikalisha kwenye begi kwa muda wa saa tano, kwa kuwa idara haikuwa na gari tangu mwaka jana na sampuli zote zilikuwa zikizunguka mgongoni kwa mumewe hadi jioni.

Jumatano nzima Mpimaji alikaa na mtoto. Kadogo aliamka akaomba uji, akanywa nusu, akauliza kama ni kweli mama yake atafungwa, maana mtoto wa kitanda cha pili alisema hivyo.

"Atafungwa kwa kosa gani?" baba yake akauliza.

"Sijui. Yeye pia hajui."

Alhamisi ikafika. Ukumbi wa kamati ulikuwa darasa la zamani, madawati yamepangwa pembeni. Mwenyekiti alikuwa daktari mkuu wa hospitali, mwanamke asiyependa hotuba. Watu wa mtaa wa chini walijaa mpaka madirishani. Meneja alianza, akazungumza kuhusu uzembe wa mtumishi mmoja na jinsi idara ilivyosikitishwa, kisha akaitoa ile karatasi na kuiweka mezani, bado ina nafasi ya sahihi chini.

"Mtumishi mwenyewe yupo," alisema. "Aweke sahihi, tumalize."

"Naomba kwanza tusikie hospitali," Mpimaji akasema.

Mpimaji wa hospitali akasimama na trei. Juu yake kulikuwa na visahani sita. "Namba mbili, nne na tano, hakuna kitu," akasoma. "Namba moja, tatu na sita, madoa ya bakteria wa kinyesi. Nimehesabu mpaka mia nikaacha. Maji haya mimi nisingemwogeshea mbwa."

Kelele zikaanza madirishani. Mwenyekiti akagonga meza, akaichukua bahasha kutoka kwa Kinyozi, akaikagua sahihi, akaichana. Alisoma kimya kwanza. Halafu akasoma kwa sauti.

"Zilizosuuzwa ni mbili, nne na tano. Ambazo hazikusuuzwa ni moja, tatu na sita."

Kwa muda mfupi ukumbi haukuelewa. Mpimaji akaenda ubaoni, akachukua kipande cha chaki, akawaeleza kwa maneno ya jikoni: dawa iliyo chini ya chupa, klorini, saa tano begini. Alipomaliza, mmoja wa wanawake waliovuta ndoo Jumanne akajumlisha mwenyewe, "Kwa hiyo maji yalikuwa machafu siku zote, chupa ndiyo iliyokuwa inadanganya."

"Ndiyo, mama. Na iliyodanganya haikuwa na nia."

Meneja alisimama haraka. "Basi tumempata. Aliyesuuza ni mume wake. Mwenyekiti, mkosaji ni huyo."

Mume wa Mpimaji akainuka taratibu katikati ya watu. "Mikono iliyosuuza ni hii yangu," alisema. "Sikatai."

"Na karatasi iliyomwambia asuuze niliiandika mimi," Mpimaji akasema. "Mwandiko ni wangu, upo ukutani. Andikeni. Lakini mkishaandika, msiishie hapo." Akageuka ubaoni, akawa anaandika huku anasema. Gari la sampuli liliharibika, halikutengenezwa. Mtaa ulipolalamika maji yananuka, klorini iliongezwa kwa amri ya ofisi, ikaifanya chupa kuwa safi zaidi badala ya bomba. Mafunzo ya wachukuaji wa sampuli yalifutwa. Na mahali fulani kati ya tangi na mtaa wa chini, bomba limetoboka, uchafu unaingia. "Ondoeni lolote kati ya haya, fundi viatu angekuwa hai. Mkiniondoa mimi peke yangu, kesho mtakunywa yaleyale."

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa?" Meneja akauliza kwa dhihaka. "Tulishitaki bomba?"

"Tumo wengi, na sehemu yangu naibeba. Ila nilichokuwa nauliza mimi tangu Jumatatu si nani. Nauliza ni nini, ili kikome."

Mwenyekiti alikuwa ametandaza ramani yake mwenyewe, yenye nukta arobaini na mbili, moja kwa kila aliyeugua. Akamsogezea Mpimaji, naye akaona jambo kabla hajaonyeshwa. Nukta zote zilianzia chini ya ukuta wa karakana iliyo njiani kati ya tangi na mtaa. Juu ya ukuta, hakuna hata moja.

"Amri ya kuongeza klorini," Mwenyekiti akauliza bila kuinua uso, "aliitia sahihi nani?"

Meneja akanyoosha mkono. Akaichukua ile karatasi yake mezani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na watu wakamwona akifanya hivyo.

Walichimba kando ya ukuta ule alasiri hiyohiyo. Mafundi wanne, jembe na sururu, na mtaa mzima nyuma yao. Kwenye kina cha kiuno jembe la kwanza likatoa harufu, watu wakaziba pua. Bomba la maji lilikuwa limelala ndani ya mtaro wa vyoo vya karakana, kiungo chake kimelegea, na kila maji yalipopungua nguvu likawa linavuta uchafu ndani. Kinyozi, aliyefunga tena duka mchana kweupe, alishuka shimoni na suruali yake safi kumsaidia kaka yake kuzoa matope. Kaka yake alikuwa na tope mpaka masikioni na hakuwa akijifuta.

Msimamizi wa mafundi akanyoosha mgongo, spana kubwa mkononi. Valvu ya kufungia maji ilikuwa mbele yake. Kuifunga kulimaanisha mtaa wa chini wote, shule, msikiti, kanisa na hospitali ya jirani, kukaa bila tone mpaka bomba jipya lilazwe, na amri kama hiyo haitolewi hovyo.

"Meneja," akaita, "tufunge?"

Meneja alikuwa kando ya gari, anazungumza na simu ambayo Mpimaji alishuku haina mtu upande wa pili. Alipunga mkono, ishara isiyo ndiyo wala hapana. Msimamizi akamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukataa.

"Mimi ni daktari wa watu," alisema. "Haya ni maji. Muulizeni mpimaji."

Macho yote yakamgeukia yeye, yale ya Jumatatu na Jumanne, ya kinyozini na ya kwenye foleni. Mpimaji alihisi furaha ikimpanda, kubwa, isiyo na aibu, na hakuwa na haja ya kuificha.

"Fungeni," alisema.

Valvu ikalia, ikazunguka mara saba. Kule mtaani bomba la foleni likakohoa, likatoa uzi mwembamba, likakauka, na wanawake wa mtaa wa chini, ndoo tupu mikononi, wakapiga vigelegele.